UZI: Kumzoesha zeituni mtu asiyezitaka, hatua kwa hatua

Jiko la Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila swali la zeituni likiulizwa jibu huwa moja: "mpe kidogo kidogo, atazoea." Sawa, lakini kidogo kidogo ya zeituni ipi? Ya kopo au ya chupa, iliyotoka kwenye friji sasa hivi au iliyopashwa, tupu au na kitu kingine mdomoni? Wengi wanaosema hawapendi zeituni walionja aina moja tu, mara nyingi ile kali, ikiwa baridi na inachuruzika maji ya chumvi. Uzi huu ni wa kuchagua zeituni ya kwanza vizuri, kuirekebisha kabla haijafika mezani, na kupanda ngazi bila ugomvi. Nashusha kwa vipande, wajuzi mtaongezea.

Kwanza ujue unapambana na nini. Zeituni ikitoka mtini hailiki. Imejaa oleuropeini, uchungu unaokamata ulimi wote na hauondoki haraka. Kila zeituni ya kula imeshapunguzwa uchungu huo, na njia iliyotumika ndiyo inayoamua ladha kuliko rangi yake.

Zilizolowekwa kwenye kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, hupoteza uchungu ndani ya saa chache, kisha huoshwa kwa maji mara nyingi mpaka kostiki iishe. Hutoka na ladha ya upole. Za mtindo wa Kihispania huendelea kuchachushwa kwenye maji ya chumvi baada ya hapo, ndiyo maana zina uchachu. Za mtindo wa Kigiriki hazigusi kostiki kabisa: hukaa kwenye maji ya chumvi kwa miezi, uchungu unatoka taratibu na mwingine unabaki. Za chumvi kavu hufukiwa kwenye chumvi wiki kadhaa hadi zinakunjamana. Hizo ni kali, zimejaa mafuta, na chumvi yake haina mzaha.

Kuhusu rangi: za kijani zimechumwa kabla ya kuiva, nyeusi na za zambarau zimeiva mtini. Isipokuwa zile nyeusi za kopo, laini, zote weusi mmoja. Hizo nyingi huchumwa changa, hupitishwa kwenye kostiki na kupulizwa hewa hadi zigeuke nyeusi, halafu rangi hushikizwa kwa chumvi ya madini ya chuma. Wapenzi wa zeituni wanazidharau kwa sababu hazina makali. Kwa kazi yetu hii, kukosa makali ndiyo sifa.

Kabla ya kununua chochote, muulize mhusika swali moja: nini hasa kilikukera? Majibu huwa matano: chungu, chumvi nyingi, chachu kama siki, inateleza mdomoni, au harufu. Kila jibu lina dawa yake na dawa moja huweza kuharibu lingine. Tutafika.

Jiko la Pili

Mpangilio wa aina, kuanzia ya upole kwenda kali. Huu ni mtazamo wangu, lakini sidhani kama wengi watapinga sana.

Ngazi ya chini kabisa: nyeusi za kopo, na Castelvetrano kutoka Sicily. Jina la mti wake ni Nocellara del Belice. Castelvetrano ni kijani kibichi kinachong'aa, nyama yake nene, inakatika kwa meno badala ya kubonyea, na ina utamu kwa mbali na ladha inayokaribia siagi. Ukiwa na uwezo wa kupata aina moja tu ya kuanzia, chukua hii. Pia Lucques ya Ufaransa, nyembamba iliyopinda kidogo, iko karibu nayo kwa upole.

Ngazi ya pili: kubwa za nyama. Cerignola ya Puglia, Gordal ya Uhispania, Halkidiki ya Ugiriki. Ukubwa unasaidia kwa sababu nyama ni nyingi kuliko ngozi, na ni rahisi kuikata vipande.

Ngazi ya tatu: Manzanilla na Picholine. Hapa uchachu unaanza kuonekana.

Ngazi ya nne: Kalamata, Gaeta, na zile ndogo za Nice. Kalamata mara nyingi huchanjwa kwa kisu ili maji ya chumvi yapenye, kisha hutiwa siki ya divai. Kwa hiyo ina uchungu, chumvi na siki kwa pamoja. Ni tamu sana kwa aliyekwisha kuzoea. Kwa anayeanza ni mtihani wa mwisho kupewa kwanza.

Ngazi ya juu: zilizokunjamana za chumvi kavu, kama za Thassos au Beldi za Moroko. Hizi asiletewe mtu kabla hajaomba mwenyewe.

Msomaji Kimya

Mkuu, zile za kijani zenye kitu chekundu katikati ziko ngazi gani? Ndizo zinazopatikana kirahisi.

Jiko la Pili

Hizo mara nyingi ni Manzanilla. Kile chekundu ni pilipili tamu, na kwenye chupa nyingi si kipande halisi. Ni rojo la pilipili lililogandishwa na kukatwa vijiti. Kinalegea na kuongeza utelezi. Ukiwa nazo hizo tu, sukuma chekundu nje kwa kijiti, loweka zeituni kama atakavyoeleza mdau hapo chini, na uzitumie kwenye chakula cha kupikwa. Usianze kwa kumpa moja tupu.

Chumvi Kiasi

Nichukue sehemu ya kupunguza chumvi, maana ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Mwaga maji ya chupa (yahifadhi kidogo pembeni), suuza zeituni gramu 200 kwa maji yanayotiririka, kisha zitie kwenye bakuli lenye lita 1 ya maji baridi. Zilizotolewa kokwa zionje baada ya dakika 30, kwa kuwa maji huingia kwa tundu lile. Zenye kokwa huhitaji saa 2 hadi 4, ukibadilisha maji mara moja katikati. Kama una haraka: zitie kwenye maji yanayochemka dakika 1, chuja, pitisha kwenye maji baridi. Njia hii inafaa kwa za kijani ngumu tu. Nyeusi laini zitakuwa uji.

Sasa kosa kubwa. Watu huloweka usiku kucha wakidhani kadiri chumvi inavyotoka ndivyo mlaji atakavyofurahi. Chumvi hufunika uchungu ulimini. Hilo limepimwa, watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walilionyesha mwaka 1997. Ukiiondoa yote, uchungu uliokuwa umejificha unatokeza, na nyama imeshanyonya maji na kupoteza ladha. Simamia katikati: onja, chumvi iwepo lakini isikufanye utafute maji ya kunywa.

Ukizidisha, zirudishe kwenye yale maji ya chupa uliyohifadhi kwa dakika 10 hivi.

Baada ya kuchuja, zikaushe kwa kitambaa. Watu huruka hatua hii. Mafuta hayashiki kwenye kitu chenye maji, yatashuka chini ya bakuli na mlaji atakutana na maji ya chumvi tupu. Zikishakauka, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya zeituni kwa gramu 200, geuza, acha dakika 20 nje ya friji.

Na zilizopunguzwa chumvi hazikai. Chumvi na uchachu ndivyo vilivyokuwa vinazilinda. Ziweke kwenye friji na uzimalize ndani ya siku 2 au 3.

Bi Kijiko

Naongezea dawa za yale majibu matano ya mwanzisha uzi.

Akisema chungu, usiloweke sana kwa sababu iliyotajwa hapo juu. Ongeza mafuta na utamu. Ganda la chungwa lililoparuzwa, zabibu kavu, tende iliyokatwa, jibini la malai. Vikikutana na zeituni kwenye tonge moja uchungu unarudi nyuma.

Akisema chumvi, loweka, halafu mpe na kitu kisicho na chumvi kabisa: tango, nyanya, viazi vya kuchemsha, tambi zilizochemshwa bila chumvi. Usimpe zeituni na jibini la feta pamoja siku ya kwanza, ni chumvi juu ya chumvi.

Akisema chachu, suuza na loweka dakika 30, kisha mafuta. Usikamulie limau. Hili naliona sana kwenye mapishi ya wageni, limau linamwagwa juu ya zeituni iliyokwisha kutiwa siki.

Akisema inateleza, tatizo ni umbile, na hapo ladha haihusiki. Oveni nyuzi 200, zeituni zilizotolewa kokwa na kulowekwa kwanza, dakika 15 hadi 20 mpaka ngozi ikunjamane na kingo zianze kukauka. Lazima ziwe zimelowekwa kwa sababu maji yakitoka chumvi inabaki na kujikusanya. Au kata ndogo ndogo kabisa uchanganye na lozi zilizokaangwa na kusagwa chenga chenga: meno yakikutana na kitu kinachovunjika, utelezi unasahaulika.

Akisema harufu, mara nyingi ni kopo. Mwaga maji yote, suuza mara mbili, zipashe kwenye mafuta na kitunguu saumu. Harufu ya kopo hutoka pamoja na maji yake.

Jiko la Pili

Bi Kijiko umesema la kupasha, nilifafanue maana ni silaha yenye nguvu kuliko inavyodhaniwa.

Zeituni ya kutoka kwenye friji ina mafuta yaliyoganda. Ndiyo yale madoa meupe yanayoonekana kwenye chupa ya zilizowekwa kwenye mafuta, watu wanadhani ni ukungu. Mafuta yaliyoganda hayatoi harufu, ulimi unapata chumvi na uchungu tu. Angalau zitoe dakika 30 kabla ya kula.

Kuzipasha: sufuria ndogo, mafuta vijiko 3, zeituni gramu 200 zenye kokwa, vipande viwili vya ganda la chungwa bila ile nyama nyeupe, punje 1 ya kitunguu saumu iliyopondwa, kijiti cha rozimari. Moto mdogo, dakika 5. Mafuta yasitoe moshi wala zeituni zisikaangike, zipate joto la kushikika tu. Ukisikia zinapasuka moto umezidi. Toa kitunguu saumu kikianza kubadilika rangi, kikiungua kinaleta uchungu ule ule unaoukimbia.

Tahadhari: mafuta yenye kitunguu saumu kibichi yasikae nje. Bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu hatari kwenye chakula, hustawi pasipo hewa, na mafuta hufunga hewa. Kilichobaki kiingie kwenye friji na kiishe ndani ya siku 4.

Lishe Kwanza

Naona tumezungumzia zeituni, tumzungumzie mlaji, hasa mtoto.

Kukataa chakula kigeni ni jambo la kawaida, hasa kati ya miaka 2 na 6, na uchungu ndiyo ladha ambayo mwili umeumbwa kuishuku. Kinachobadilisha ni kuonja mara nyingi, kiasi kidogo, bila shinikizo. Watafiti Leann Birch na Diane Marlin mwaka 1982 waliwapa watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua kwa idadi tofauti ya mara, na walivyovionja mara nyingi zaidi ndivyo walivyovichagua zaidi baadaye. Makadirio yanayotumika sana ni mara 8 hadi 15. Wazazi wengi huacha baada ya mara tatu au nne na kutangaza kwamba mtoto hapendi.

Mara moja maana yake nini? Kipande cha ukubwa wa punje ya harage kinatosha. Kulamba ni kuonja. Kutafuna na kutema kwenye kitambaa ni kuonja. Usifanye kila siku. Mara mbili kwa wiki inatosha, na siku ambayo ana njaa kiasi.

Zawadi: "kula zeituni nikupe keki" hufanya kazi siku hiyo tu. Mtoto anajifunza kwamba keki ndiyo nzuri na zeituni ni adhabu ya kuifikia. Kulazimisha ni vibaya zaidi. Mgawanyo wa majukumu wa Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe, unasaidia hapa: mzazi anaamua nini, lini na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Weka bakuli katikati ya meza, wakubwa wale, asiambiwe neno. Mtoto akiona mtu anayemwamini anazila bila kumtazama yeye, hiyo ina uzito kuliko hotuba.

Usalama, tafadhali sana. Zeituni nzima ina umbo na ukubwa wa kuziba koo la mtoto. Chini ya miaka 5, toa kokwa na ukate kwa urefu vipande vinne. Kukata duara hakusaidii, bado duara linaweza kuziba. Akae chini wakati wa kula.

Chumvi: gramu 100 za zeituni za kijani za maji ya chumvi zinabeba karibu gramu 4 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku. Zeituni 10 za wastani ni kama gramu 40, sawa na gramu moja na nusu ya chumvi. Nyeusi za kopo zina karibu nusu ya hapo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hazihitaji kabisa. Mwenye shinikizo la damu aziloweke na azihesabu kwenye chumvi ya siku nzima.

Sufuria Tupu

Mnazunguka sana wakuu. Saga zeituni ziwe rojo, changanya kwenye mchuzi wa nyanya, usimwambie mtu. Mwezi ukipita mwambie amekuwa akila zeituni muda wote. Kazi imekwisha.

Lishe Kwanza

Imekwisha kweli, ila upande mbaya. Ulimi umezoea mchuzi wa nyanya. Zeituni yenyewe hajaiona, hajaigusa, hajui umbile lake. Na siku ukimwambia, ataanza kuchunguza kila mchuzi unaomletea. Kwa mtoto mwenye shaka na chakula utakuwa umeongeza kazi ya miezi. Kata ndogo, sawa. Changanya, sawa. Lakini aambiwe kwamba zimo.

Jiko la Pili

Niko na Lishe Kwanza, ingawa Sufuria Tupu ana nusu ya ukweli: chakula kilichopikwa ndiyo mlango wa kuingilia. Hivi ndivyo ngazi zinavyokwenda.

Mwanzo: zeituni zilizokatwa ndogo ndani ya chakula anachokipenda tayari. Mchuzi wa kopo moja la nyanya, gramu 400, unapokea gramu 30 za nyeusi za kopo, kama zeituni 8. Zitie dakika 5 za mwisho. Zikichemka muda mrefu zinamwaga chumvi yote kwenye mchuzi na zenyewe zinabaki maganda. Usitie chumvi yoyote kabla zeituni hazijaingia na hujaonja. Hili ndilo kosa namba moja la kupikia zeituni. Mchuzi unatiwa chumvi kama kawaida, zeituni zinafuata, na lawama zinaangukia zeituni.

Mayai ya kuvuruga pia yanafaa, zeituni 2 kwa mayai 3. Nyama ya kusaga ya kutengeneza madonge inabeba gramu 50 kwa nusu kilo, na chumvi ya mapishi ipunguze nusu.

Akila hivyo bila kuzitoa pembeni ya sahani, ongeza ukubwa. Robo robo juu ya piza, ambapo kuna jibini la kuzibeba. Kisha nusu nusu kwenye saladi, zikiwa kando ili achague mwenyewe. Kisha nzima, ya Castelvetrano, ikiwa imepashwa, pamoja na kipande cha mkate.

Usiruke ngazi kwa sababu siku moja alifurahi. Na usipandishe vitu viwili siku moja: ukibadilisha aina, ukubwa ubaki ule ule.

Fundi Mkate

Mkate wa zeituni ni mlango mzuri kuliko mchuzi, kwa sababu wanga unafuta chumvi na mtu anaziona kwa macho.

Unga gramu 500, maji gramu 325, hamira kavu gramu 5, chumvi gramu 6 au 7 badala ya 10, zeituni gramu 120 zilizotolewa kokwa. Zikaushe kwa kitambaa, tena zikandamize. Zeituni zilizolowa maji hulegeza donge, na mkate unatoka na matundu yenye unga mbichi kuzizunguka. Usizitie mwanzoni. Kanda kwanza mpaka donge liwe laini na kuvutika, lipumzishe dakika 20, kisha litandaze, mwaga zeituni, likunje mara nne tano. Ukizikanda tangu mwanzo zinapondeka na nyeusi zinageuza donge zima rangi ya kijivu.

Zinazokaa juu ya uso wa mkate huungua na kuwa chungu. Zisukume ndani au zipake mafuta.

Bi Kijiko

Rojo la kupaka ndiyo hatua nzuri kabla ya zeituni nzima. Tapenadi halisi, rojo la Provence huko Ufaransa, ni zeituni, kepa (matumba ya maua yaliyohifadhiwa kwa chumvi au siki), anchovi (visamaki vya chumvi) na mafuta. Kwa anayeanza ni kali mno, kwa hiyo ifanyie ujanja: zeituni nyeusi za upole gramu 100, dengu kubwa zilizopikwa zikaiva gramu 100, kijiko 1 cha chai cha kepa zilizosuuzwa, mafuta vijiko 3 vya chakula. Kitunguu saumu nusu punje, si zaidi. Anchovi acha.

Kwenye blenda bonyeza na kuachia mara 8 hivi, ibaki chenga chenga. Mafuta ya zeituni yale ya daraja la juu yasisagwe. Yakipigwa na visu kwa kasi yanaweza kutoa uchungu. Saga vingine, kisha koroga mafuta kwa kijiko.

Kila ukitengeneza tena, punguza dengu gramu 20 na ongeza zeituni gramu 20. Ukirudia mara ya tano, dengu zimekwisha.

Jiko la Pili

Kuna na zile za kukaanga, fahari ya Ascoli Piceno huko Italia. Zeituni kubwa za kijani hujazwa nyama, hupakwa unga, yai na chenga za mkate, kisha hukaangwa. Nyumbani waweza kujaza jibini gumu badala ya nyama. Mafuta yafike nyuzi 170 hadi 180, dakika 2 au 3 zinatosha kwa rangi ya dhahabu. Zikipasuka, kulikuwa na maji ndani ya tundu. Zikinywa mafuta, moto ulikuwa mdogo au ulitia nyingi kwa pamoja. Paka yai na chenga mara mbili kama ganda linavuja. Acha zipoe dakika 5 kabla ya kumpa mtu, jibini la ndani huunguza vibaya.

Kwa mtu mzima mkaidi hii ndiyo karata yangu ya kwanza. Ganda linavunjika, katikati ni laini, na zeituni iko pale katikati ikifanya kazi ya chumvi.

Gego

Suala la kokwa. Chupa ikiandikwa kwamba zimetolewa kokwa, mashine hukosea, kokwa moja au kipande chake hubaki. Mweleze mlaji atafune taratibu zile za kwanza. Jino lenye ufa au lililozibwa huvunjika kwa kokwa moja tu.

Ukitaka kutoa mwenyewe: laza zeituni ubaoni, iweke chini ya ubavu wa kisu kipana, gonga kwa kiganja. Inapasuka na kokwa inatoka safi kwenye zilizoiva. Za kijani ngumu hung'ang'ania, kata nyama kuizunguka kokwa kwa urefu. Zenye kokwa huwa na ladha nzuri zaidi kwa sababu maji ya chumvi hayakujaa ndani, hivyo nunua nzima na utoe kokwa nyumbani kwa ajili ya mlaji mgeni.

Msomaji Kimya

Chupa ikishafunguliwa inakaa muda gani? Na ule utando mweupe juu ya maji?

Chumvi Kiasi

Friji, na zeituni zote ziwe chini ya maji. Ile inayoelea juu ndiyo inaharibika kwanza na kuambukiza nyingine. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Castelvetrano hazikai kama nyingine, zimalize mapema. Kama ulimwaga maji, tengeneza mengine: gramu 50 za chumvi kwa lita 1, yachemshe, yapoe kabisa, ndipo uyatie.

Utando mweupe mwembamba kwenye zilizochachushwa mara nyingi ni hamira ya hewani. Uondoe, onja. Lakini zeituni ikiwa imelegea na kuteleza kuliko ulivyoinunua, au inanuka kama ngozi au samadi, au kifuniko kimevimba, tupa yote bila kuonja. Kopo likifunguliwa, hamishia kwenye chombo cha kioo. Na usichovye vidole, tumia kijiko kikavu.

Msomaji Kimya

La mwisho. Ameonja mara 15, kafuata kila hatua, bado anakunja uso.

Lishe Kwanza

Mpumzishe miezi miwili au mitatu, zeituni ziendelee kuwepo mezani kwa wengine. Ukirudi, badilisha aina na namna ya kupika kwa pamoja, hapa tu ndipo inaruhusiwa, ili asikutane na kitu kile kile alichokikataa.

Bi Kijiko

Na ukirudi, jaribu tikiti maji baridi lililokatwa vipande vya mraba, majani ya mnanaa, na Kalamata moja iliyokatwa nyembamba kama karatasi kwa sahani nzima. Moja tu. Akimaliza sahani, mara ijayo tia mbili.